Ute Ule Si Uchafu: Jinsi ya Kuzitambua Siku za Yai Kupevuka

Kuna lalamiko ninalolisikia sana kliniki. Mama anakaa, anasogeza kiti, anashusha sauti: "Dokta, kila mwezi natokwa na uchafu kama ute wa yai bichi. Nimetumia dawa za fangasi mara tatu, unarudi." Namuuliza kama unawasha. Hapana. Una harufu? Hapana. Unakuja siku mbili tatu katikati ya mwezi, kisha unapotea wenyewe. Tukiendelea kuzungumza ndipo linatoka la pili: anatafuta mtoto, huu mwaka wa pili. Pesa yake inaishia duka la dawa akitibu dalili ileile ambayo ingemwonyesha siku zake za kushika mimba.

Basi tuanze na huo ute. Yai linapokua ndani ya ovari, homoni ya estrojeni hupanda na kuubadilisha ute wa mlango wa kizazi. Siku chache baada ya hedhi wanawake wengi huwa wakavu, au ute huwa mzito na wa kunata. Baadaye unaongezeka, unakuwa majimaji, na mwisho unang'aa na kuteleza. Ukiushika kati ya kidole gumba na cha shahada unavutika bila kukatika upesi. Ute wa aina hii huzipa mbegu za kiume njia na kuzihifadhi, wakati ule mzito huzizuia. Siku ya mwisho ya utelezi huwa karibu sana na siku yai linapotoka. Yai likishatoka, homoni ya projesteroni inashika zamu na ute unakauka. Kuuangalia hakuhitaji kifaa: ukienda msalani, jifute kabla ya kukojoa, tazama, kisha andika kwenye daftari.

Uchafu wa ugonjwa haufanani na huo. Unawasha, unatoa harufu ya shombo ya samaki, una rangi ya kijani au njano, au umeganda kama mtindi. Ukiuona, njoo upimwe, usinunue dawa kwa kukisia. Na kujiosha kwa ndani kwa sabuni, ndimu au dawa za kukausha uke kunaufuta ute, na zaidi ya hapo kunaua bakteria wanaoulinda uke. Osha nje kwa maji, inatosha.

Sasa ile "siku ya 14" ambayo karibu kila mtu ameisikia. Ni kweli kwa mwenye mzunguko wa siku 28 tu. Tangu miaka ya 1920, utafiti wa daktari wa Kijapani Kyusaku Ogino ulionyesha kwamba hesabu inakwenda kinyumenyume: yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Mwenye mzunguko wa siku 35 huenda yai lake likatoka siku ya 21. Wa siku 24, siku ya 10. Siku ya kwanza ni ile damu inapoanza kutoka, si inapokatika. Hata huyo wa siku 28, akiugua malaria au akipata msiba, yai linaweza kuchelewa mwezi huo. Programu za simu zinazokuandikia "leo ni siku yako" mara nyingi zinakisia tu kutokana na miezi iliyopita.

Mbegu za kiume huweza kuishi hadi siku 5 ndani ya mwili wa mwanamke. Yai huishi saa 12 hadi 24. Kwa hiyo siku za kushika mimba ni kama 6: tano za kabla na ile ya yai kutoka, na nafasi kubwa zaidi iko siku mbili kabla. Anayesubiri apate uhakika kwamba yai limetoka ndipo akutane na mumewe, mara nyingi amechelewa. (Cha ajabu, hata wanaotafuta mtoto huziita siku hizi "siku za hatari". Nadhani lawama ni yetu wahudumu, tulifundisha hesabu hii kwa ajili ya kukwepa mimba tu.)

Ndiyo maana kipimajoto kina kasoro. Joto la mwili linalopimwa asubuhi kabla ya kutoka kitandani hupanda kidogo, kama nyuzi 0.2 hadi 0.5 za Selsiasi, lakini baada ya yai kutoka. Ukilipima miezi mitatu utaujua mwenendo wako. Kwa mwezi huohuo halikusaidii sana. Vijiti vya mkojo hutangulia: hupima homoni inayopanda saa 24 hadi 36 kabla ya yai kutoka, ila kwa wenye ovari zenye vifuko vingi vinaweza kudanganya. Wengine husikia kichomi upande mmoja wa tumbo la chini. Wengi hawasikii chochote, na hilo si tatizo.

Wanaotaka kupanga uzazi wameona shanga za mzunguko, zilizosambazwa Rwanda na Kongo pia: shanga 32 za kuhesabia siku, na nyeupe zinaonyesha siku za kushika mimba, ya 8 hadi ya 19. Zinamfaa mwenye mzunguko wa siku 26 hadi 32 tu. Anayenyonyesha asizitegemee, maana yai la kwanza linaweza kutoka kabla ya hedhi ya kwanza; ndivyo wengine wanavyobeba mimba bila kuona damu tangu wajifungue.

Dalili zote hizi hazisemi chochote kuhusu mirija ya uzazi, ambamo yai hupita. Ugonjwa wa zinaa wa zamani, kama klamidia au kisonono, unaweza kuiziba huku ute ukiendelea kuja kila mwezi. Ukiwa chini ya miaka 35 na umejaribu miezi 12, njoo. Ukiwa na 35 au zaidi, miezi 6 inatosha. Hedhi ikipotea miezi mitatu na huna mimba, usingoje hata hiyo. Njoo na daftari lako, na uje na mume. Katika karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, upande wa mwanaume nao una mchango, na kipimo cha shahawa ni rahisi kuliko vipimo vyako vyote. Ajizuie na tendo la ndoa siku 2 hadi 7 kabla ya kuja.