Hans wa Frozen anakaa kiti gani?

Juzi stima ilirudi kama saa moja jioni hapa Kisumu, wapwa zangu wakarukia tivi kabla hata sijabandika sufuria, na kama una watoto kwa nyumba unajua ni filamu gani iliwekwa, ile katuni ya barafu, Frozen, ya mara ya mia sasa. Yule mdogo wa miaka sita akaniambia, "Anti, mi simpendi Hans. Lakini mara ya kwanza nilimpenda." Nikawacha kukata sukuma.

Mi nafundisha fasihi, na kila mwaka kuna mwanafunzi lazima aniulize hii maneno ya nadharia inasaidia nini nje ya mtihani. Basi chukua huyo Hans tu.

Kuna Mrusi anaitwa Vladimir Propp, mwaka 1928 alitoa kitabu baada ya kupekua ngano 100 za kwao, akaona majina yanabadilika, leo ni mfalme kesho ni mzee, lakini wanachofanya ni kile kile. Akahesabu vitendo 31 vinavyofuatana, na nafasi saba za wahusika. Mi hupenda kuziita viti: adui, mfadhili anayetoa kifaa cha ajabu, msaidizi, binti mfalme pamoja na babake, mwenye kumtuma shujaa, shujaa mwenyewe, halafu shujaa bandia. Huyo wa mwisho ndiye wanafunzi husahau.

Shujaa bandia ni mtu anayedai sifa isiyo yake, halafu anaumbuka karibu na mwisho. Sasa kwenye ngano za Propp, mara nyingi msikilizaji anajua mapema, anaona ndugu wakubwa wakimwibia mdogo wao, kwa hivyo anakaa tu akingoja waaibike. Frozen ya 2013 inacheza tofauti. Hans anakuja na adabu zake, na wimbo, na posa kwa binti mfalme Anna siku hiyo hiyo, na sisi tumelishwa tangu Snow White ya 1937 kwamba mwana wa mfalme akitokea mapema ndiye mwenye harusi, basi tunampa kiti cha shujaa bila hata kuitisha kitambulisho! Mpaka pale Anna anakaribia kufa, anaomba busu, na yeye anazima moto na kumfungia mlango. Tumedanganywa pamoja na Anna. Kiti ni kile kile cha Propp, ila kibandiko kimefichwa, ndiyo maana mtoto wa miaka sita anasema "mara ya kwanza nilimpenda."

Katazo na kulivunja, viwili kati ya vile vitendo 31, pia vipo, Elsa dadake Anna anaambiwa afiche nguvu zake za kugandisha vitu, Anna anamvua glavu mbele ya wageni, kwisha. Hapo hakuna ubishi.

Ubishi uko kwa adui. Ni nani? Anayegandisha moyo wa Anna ni Elsa, dadake mwenyewe, na hakutaka. Kwenye rasimu za mwanzo za filamu Elsa alikuwa adui kabisa, na hata kwa hadithi ya Andersen, mwandishi wa Denmark, ya 1844 iliyowapa wazo, Malkia wa Theluji ndiye anamchukua kijana Kay, na msichana Gerda ndiye anamfuata na kumkomboa kwa machozi yake. Kwa hivyo ile kitu watu walishangilia, eti msichana ameokoa bila kungoja busu, Andersen alikuwa nayo zamani, busu ndiyo watengeneza katuni walituzoesha. Hata Snow White wa ndugu Grimm, wale wakusanyaji ngano wa Ujerumani, haamshwi na busu, wabebaji wanajikwaa na jeneza, kipande cha tofaa kinatoka kooni. Nenda ukasome.

Ndiyo maana mwanafunzi akiniletea insha ya kutiki vitendo 31, hiki kipo hiki hakipo, namrudishia. Niambie ni wapi filamu inakataa kuingia kwa jedwali, na kwa nini.

Jaribu na za kwetu uone moto. Nyamgondho, mvuvi wa ngano ya Waluo kule Gwassi kando ya Ziwa Victoria, anatega samaki, wavu unaleta mwanamke mzee, anamchukua nyumbani, ng'ombe wanajaa boma. Huyo mama ni mfadhili, sivyo? Halafu Nyamgondho analewa, anamtukana kwamba alimwokota ziwani, na mama anaondoka, mifugo yote inamfuata majini, mwanaume anabaki amesimama ufuoni mpaka anageuka mti. Mfadhili amekuwa mwenye kuadhibu, na shujaa ndiye amejidhuru mwenyewe. Hakuna harusi. Hakuna wa kuokoa mtu.

Niliwasimulia hiyo tukila. Yule mdogo akatafuna kimya, halafu: "Kwani huyo mama wa ziwa ni mzuri ama mbaya?" Nikamwambia Jumamosi tunaenda kwa Dani, nyanya yetu, amuulize yeye.