Susy Clemens, binti wa Mark Twain: yanayosemwa na yaliyotokea

“Alifariki akiwa mtoto.” Hapana. Olivia Susan Clemens, ambaye nyumbani walimwita Susy, binti wa mwandishi Mmarekani Samuel Clemens (Mark Twain ni jina lake la uandishi), alizaliwa Elmira, New York, tarehe 19 Machi 1872, akafariki Hartford, Connecticut, tarehe 18 Agosti 1896. Alikuwa na miaka 24. Huenda wanamchanganya na kaka yake Langdon, aliyefariki mwaka huohuo wa 1872 akiwa na miezi 19.

“Wasifu wa baba yake alioandika akiwa na miaka 13 ulisafishwa na baba.” Twain alifanya kinyume chake. Susy alianza kuuandika mwaka 1885, na baba alipochapisha vipande vyake katika jarida la North American Review mwaka 1906 na 1907, makosa ya tahajia aliyaacha yalivyo. Wala haukukamilika: unakatika katikati ya sentensi, Julai 1886, familia ilipofika Keokuk, Iowa. Wasifu mzima ulitoka kama kitabu mwaka 1985. Kwa maoni yetu makosa hayo ni sehemu ya utamu wake, maana binti huyu anamsema baba kwa hasira zake na lugha yake kali bila kumpamba.

“Kitabu cha Joan of Arc alitabarukiwa yeye.” Hiki ni kitabu cha Twain kuhusu Joan, shujaa wa Ufaransa. Tabaruku yake ya mwaka 1896 ni ya mama yake, Olivia. Mchango wa Susy ulikuwa mwonekano wa Joan: Twain alisema umbo la Joan alilichora kwa kumkumbuka binti yake alipokuwa na miaka 17. Kitabu cha Twain walichotabarukiwa Susy na mdogo wake Clara ni The Prince and the Pauper.

“Baba alikuwa kando ya kitanda Susy alipofariki.” Hapa ndipo simulizi nyingi zinapopotoka. Kampuni ya uchapishaji ya Twain ilifilisika Aprili 1894. Ili alipe madeni, Julai 1895 alianza safari ya mihadhara kuzunguka dunia, akiwa na mkewe na Clara. Susy na mdogo wao wa mwisho, Jean, walibaki Marekani. Safari ilipoishia Uingereza, ilikuja barua kwamba Susy anaumwa kidogo. Wakauliza kwa simu ya maandishi; jibu likasema atapona, ila polepole. Mama na Clara wakapanda meli tarehe 15 Agosti. Siku tatu baadaye Twain, peke yake mjini Guildford, akapokea taarifa ya kifo, huku mkewe na Clara wangali baharini bila habari yoyote.

“Angepona kama wazazi wangekuwepo.” Twain mwenyewe alijilaumu hivyo. Lakini ugonjwa ulikuwa homa ya uti wa mgongo. Siku za mwisho Susy aliweweseka kwa homa, kisha akapoteza uwezo wa kuona. Penisilini iligunduliwa mwaka 1928 na ikaanza kutibu wagonjwa miaka ya 1940. Mwaka 1896 hata daktari aliyeitwa mapema hakuwa na dawa ya kuua vijidudu vya ugonjwa huo. Nyumba ya Hartford alimofia, familia haikurudi kuishi humo, na mwaka 1903 ikauzwa.

“Shairi la kaburini ni la Twain.” Hili ndilo sugu kuliko yote. Jiwe lililopo makaburi ya Woodlawn, Elmira, lina mishororo minne inayoliomba jua la kiangazi liwake kwa upole na majani yaliyo juu ya kaburi yasimlemee aliyelala. Mtunzi ni Robert Richardson wa Australia, na shairi lake linaitwa “Annette”. Twain aligusa maneno machache tu: upepo wa Richardson unavuma kutoka magharibi, wa kaburini unatoka kusini, na pale palipotajwa Annette pakawekwa maneno ya kumuaga mpendwa bila kumtaja jina. Watu walipoanza kumsifu Twain kwa utunzi huo, aliagiza jina la Richardson lichongwe kwenye jiwe, chini ya mishororo hiyo.