Urejeshaji wa thamani ya ardhi: jiji linadai nini, kwa nani na lini

Chukua kiwanja kitupu, nyasi na ua basi. Mwenye nacho hajakigusa kwa miaka 10. Siku moja jiji linatangaza kituo cha reli mita 300 kutoka hapo, na kabla mkandarasi hajaleta hata koleo, bei ya kiwanja imepanda kwa nusu. Mwenye kiwanja hakuongeza tofali. Ongezeko limeletwa na uamuzi wa umma na fedha za walipakodi, wakiwamo wapangaji ambao hawamiliki hata hatua moja ya ardhi. Urejeshaji wa thamani ya ardhi ni jina la njia zote ambazo serikali ya jiji hutumia kudai sehemu ya ongezeko hilo na kuitumia kwa faida ya wote. VAT inayolipwa dukani ni jambo jingine kabisa, ingawa nayo huitwa kodi ya ongezeko la thamani.

Ongezeko lenyewe lina vyanzo viwili vikubwa vilivyo mikononi mwa jiji. Cha kwanza ni ujenzi: reli, barabara, maji, mitaro, bustani. Cha pili husahaulika, nacho ni kalamu. Shamba likibadilishwa matumizi kuwa makazi, au kiwanja cha ghorofa 2 kikiruhusiwa ghorofa 10, bei hupanda bila jiji kununua mfuko hata mmoja wa saruji. Majiji mengi hutoza ada ndogo ya faili kwa uamuzi kama huo, kisha hulalamika kwamba hayana fedha za mitaro.

Hesabu inavyokwenda

Tuseme kiwanja kina mita za mraba 1,000, na kila mita ina thamani ya 200 kwa fedha yoyote ile. Jumla ni 200,000. Miaka 3 baada ya tangazo, mthamini anakipa 320,000. Ongezeko ni 120,000, ila si lote la mradi. Viwanja vya aina hiyo vilivyo mbali na reli vimepanda kwa 15% katika muda huohuo, kwa hiyo 30,000 zingekuja hata reli isingejengwa. Mwenye kiwanja alijaza kifusi na kuchimba mtaro kwa 10,000. Hilo ni jasho lake. Zinabaki 80,000, na hizo ndizo zilizoletwa na umma. Jiji likidai 40%, linapata 32,000, na mwenye kiwanja anabaki na 48,000 ambazo hakuzitolea jasho.

Kwa nini lisidai zote? Uingereza ilijaribu mwaka 1947 kutoza 100% ya ongezeko linalotokana na kibali cha kuendeleza ardhi. Wenye ardhi waliona kuuza hakuna faida, wakakaa na viwanja vyao, na tozo ile ikafutwa miaka ya 1950. Colombia ilichukua njia ya kati: Sheria ya 388 ya mwaka 1997 inaziruhusu halmashauri kudai kati ya 30% na 50% ya ongezeko linalotokana na uamuzi wa mipango miji, na malipo hudaiwa pale mtu anapoomba kibali cha ujenzi, anapobadili matumizi au anapohamisha umiliki. Utaratibu huo una akili. Mtu anadaiwa siku ambayo ongezeko linageuka fedha mkononi mwake.

Tangazo ndilo linalopandisha bei

Hapa ndipo majiji mengi huangukia. Thamani haingoji utepe ukatwe. Inapanda siku mradi unapotangazwa, na mara nyingi kabla ya hapo, pale ramani inapovuja na madalali kuanza kuzunguka. Jiji likipima thamani ya msingi, yaani bei ya mwanzo ya kulinganishia, reli ikiwa imekwisha kujengwa, litakuta ongezeko kubwa limeshauzwa: mwenye shamba wa kwanza ameondoka na faida, na aliyenunua kwa bei ya juu ndiye anayegongewa mlango.

Kosa hilo pia ndilo linalozaa malalamiko kwamba tozo zinapandisha bei za nyumba. Mwendelezaji, yaani anayenunua kiwanja ili ajenge na kuuza, akijua mapema kwamba kina tozo ya 32,000 humpa mwenye ardhi bei pungufu kwa kiasi hichohicho, na mzigo unamwangukia mwenye ardhi. Mwendelezaji aliyekwisha nunua kwa bei kamili, kisha akaletewa tozo, hana wa kumpunguzia. Atasimamisha ujenzi, au atasukuma gharama kwa mnunuzi wa nyumba pale soko litakapomruhusu. Kwa hiyo tarehe ya msingi iwekwe kabla ya tangazo, kanuni ya ukokotoaji ichapishwe mapema, na miradi ambayo viwanja vyake vimeshanunuliwa ipewe kipindi cha mpito.

Nyenzo zenyewe

Kodi ya ardhi ya kila mwaka ndiyo ya msingi, na ndiyo isiyo na mvuto kwa wanasiasa. Ikifuata bei halisi ya soko, hunasa kila ongezeko bila kuuliza limetoka wapi. Estonia hutoza ardhi peke yake bila majengo tangu 1993, hivyo anayejenga haadhibiwi kwa kujenga. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari: daftari la uthamini la miaka 20 iliyopita linatoza bei za miaka 20 iliyopita, na kila linapocheleweshwa, kulisahihisha kunakuwa kugumu zaidi kisiasa kwa sababu mruko wa bili unakuwa mkubwa. Uthamini wa kila miaka 3 hadi 5, hata wa makadirio ya kanda kwa kanda, unashinda uthamini kamili usiofanyika.

Tozo ya uboreshaji hulipwa na wanaonufaika na mradi mmoja unaojulikana. Colombia inayo tangu 1921. Jiji huchora eneo la manufaa, hugawa gharama kwa kadiri ya ukaribu na ukubwa wa kiwanja, na huruhusu malipo ya awamu. Inakubalika pale ambapo watu wanaiona barabara. Ikikusanywa na barabara isijengwe, jiji halitaaminiwa tena kwa kizazi kizima.

Kuuza haki za kujenga ndiyo njia yenye fedha nyingi kwa haraka, na São Paulo ya Brazili ndilo jiji la kujifunzia. Chukua jumla ya eneo la sakafu zote za jengo uigawe kwa eneo la kiwanja. Huo ndio uwiano wa ujenzi. Mpango wa jiji wa 2014 uliweka uwiano wa msingi kuwa 1 kwa jiji zima. Anayetaka zaidi, hadi 4 kwenye njia kuu za usafiri wa umma, analipia mita za ziada. Katika maeneo maalumu jiji huuza vyeti vya haki hizo kwa mnada, vijulikanavyo kama CEPAC, tangu 2004. Vyeti hivyo si deni. Jiji halirudishi fedha, linatoa ruhusa ya mita za mraba. Sharti ambalo wengi huliruka ni kwamba uwiano wa msingi uwe mdogo kweli. Jiji linalompa kila mtu ghorofa 20 bure halina cha kuuza.

Upangaji upya wa viwanja hufaa pembezoni mwa jiji, mahali penye mashamba madogo yasiyo na barabara. Wenye ardhi huchanga sehemu ya eneo. Baadhi inakuwa barabara na huduma, baadhi inauzwa kulipia ujenzi. Mwenye mita 1,000 za thamani ya 50 kila moja alikuwa na 50,000. Akitoa 35% anabaki na mita 650, lakini zikiwa na barabara na maji kila moja ni 110, yaani 71,500. Japani na Korea Kusini zimejenga sehemu kubwa za miji yao hivi, Gangnam ya Seoul ikiwamo. Hufeli pale hati zinapogongana, kwa sababu hakuna anayekubali kuchanga kutoka kwenye ardhi inayobishaniwa.

Hong Kong yenyewe huipa kampuni ya reli haki ya kuendeleza ardhi ya juu ya vituo kwa bei ya kabla ya reli, na faida ya majengo inalipia reli. Hilo linawezekana kwa sababu ardhi karibu yote huko ni ya serikali. Jiji lisilo na ardhi yake lisiige kabla halijajiuliza litatoa nini.

Kuhusu kukopa leo kwa kutegemea ukuaji wa kodi ya baadaye, tahadhari. Kodi ya leo inagandishwa kama msingi, na ukuaji wote unakwenda kulipa mradi. Eneo likikua polepole kuliko makadirio, deni linabaki. Likikua vizuri, shule na huduma nyingine hukosa mgao wao kwa miaka mingi. California, iliyoanzisha njia hii mwaka 1952, ilivunja mashirika yake ya uendelezaji mwaka 2012.

Usawa hauji wenyewe

Fedha zilizorejeshwa hufuata thamani, na thamani iko kwenye mitaa ya wenye nacho. Sheria ikisema zitumike ndani ya eneo zilipokusanywa, mtaa wa kitajiri unazidi kupendeza. São Paulo ilikutana na hilo: fedha za vyeti hubaki ndani ya mipaka ya eneo la mradi, na kwenye eneo la Água Espraiada daraja kubwa la nyaya lilifunguliwa 2008, huku nyumba za wakazi wa mtaa duni wa Jardim Edite, uliokuwa jirani na daraja hilo, zikikamilika miaka kadhaa baadaye. Kwa fedha za haki za ujenzi zinazouzwa nje ya maeneo hayo, mpango wa 2014 uliagiza angalau 30% ya mfuko iende kununua ardhi kwa ajili ya makazi ya kipato cha chini. Asilimia iliyoandikwa kwenye sheria ndiyo inayomlinda maskini. Ahadi ya jumla huishia kwenye taa za barabarani.

Mpangaji ndiye anayepata hasara kimyakimya. Reli ikija, kodi ya pango lake inapanda iwe jiji limetoza au halijatoza, na hana kiwanja cha kumfidia. Dawa yake ni ardhi: jiji linunue viwanja karibu na vituo kabla ya tangazo, au lidai sehemu ya nyumba za kila jengo jipya. Likidai nyumba, liandike kipato cha mlengwa kwa tarakimu. Neno "gharama nafuu" likipimwa kwa wastani wa kipato cha jiji zima, mfagiaji wa barabara hataingia humo. Liandike pia kwamba nyumba zijengwe palepale, na muda ambao hazitauzwa kwa bei ya soko.

Mjane mwenye nyumba ndogo karibu na kituo naye ana tatizo la namna yake: thamani imepanda, mfuko haujapanda. Kumsamehe kabisa kunafungua mlango, kwani kesho yake wenye majengo matano nao watakuja na sababu zao. Kinachofaa ni kuahirisha: deni linaandikwa kwenye hati ya nyumba, linaongezeka kwa mfumuko wa bei tu, na linalipwa nyumba inapouzwa au kurithiwa.

Kwenye makazi yasiyo rasmi, anayeishi na anayemiliki mara nyingi ni watu wawili. Tozo ikipelekwa kwa anayekutwa mlangoni, mpangaji wa chumba kimoja atalipia utajiri wa mwenye nyumba anayeishi mtaa mwingine. Kwa hiyo uhakiki wa nani anamiliki nini hutangulia uthamini, na dirisha la rufaa, siku 60 kwa mfano, hufunguliwa kabla ya bili ya kwanza kutoka.