Sauti ya Kelly Macdonald: Glasgow, Kerry, kisha nyumbani tena

Mtu wa Glasgow, mji wa Skoti, anapomaliza sentensi ya kawaida, mara nyingi sauti yake hupanda mwishoni badala ya kushuka. Sisi tunatofautisha "Amekuja." na "Amekuja?" kwa kiimbo tu, kwa hiyo tukimsikia tunadhani anauliza, kumbe anaeleza. Naanza na jambo hili kila ninapomzungumzia Kelly Macdonald, mwigizaji wa filamu na televisheni. Wengi husifu uso wake mtulivu, na ni kweli, lakini kazi yake kubwa aliifanya kwa sauti.

Alizaliwa Glasgow tarehe 23 Februari 1976 na hakupitia chuo cha uigizaji. Alikuwa akifanya kazi ya baa alipopata kipeperushi cha kuwaita watu kwenye usaili wa wazi wa filamu ya Trainspotting, iliyoongozwa na Danny Boyle na kutoka mwaka 1996. Alipata nafasi ya Diane, msichana wa shule. Wakati wa kupiga picha alikuwa na miaka 19. Hadithi yenyewe ni ya Edinburgh, ingawa sehemu kubwa ilipigwa Glasgow, mjini kwake.

Kabla ya kumfuata kwingine, zoeza sikio lako lafudhi yake ya kuzaliwa. Mswahili ana bahati hapa. R ya Skoti haimezwi popote, hata mwisho wa neno, na mara nyingi hupigwa kwa ncha ya ulimi kama r ya "barua". Ch ya "loch", yaani ziwa, ni kh ileile ya "kheri" na "khofu". T ya katikati ya neno, kwa watu wengi wa Glasgow, hukatwa kooni. Aliyesoma madrasa ataitambua mara moja kuwa ni hamza. Ongeza kile kiimbo kinachopanda, nawe umeshapata msingi.

Sauti hiyo utaipata safi katika State of Play, tamthilia ya BBC ya mwaka 2003 yenye vipindi sita, ambamo yeye ni Della, mwandishi wa habari. Mwandishi wa tamthilia alikuwa Paul Abbott na mwongozaji David Yates. Miaka miwili baadaye Yates alimwita tena, safari hii pamoja na Bill Nighy, katika The Girl in the Café, filamu ya televisheni iliyoandikwa na Richard Curtis. Msichana mpole anaandamana na mtumishi wa serikali ya Uingereza kwenye mkutano wa G8, yaani wa mataifa manane yenye nguvu, huko Reykjavik, Iceland, na mezani, mbele ya wakubwa, anaanza kusema. Anapiga vidole kila baada ya sekunde tatu kuonyesha kasi ya vifo vya watoto kwa sababu ya umaskini. Hapandishi sauti hata kidogo. Filamu ilirushwa Juni 2005, siku chache kabla ya mkutano halisi wa G8 kule Gleneagles, Skoti, ambako Rais Benjamin Mkapa wa Tanzania alikuwa miongoni mwa viongozi wa Afrika walioalikwa. Msamaha wa madeni uliotokana na makubaliano ya mwaka ule uliifikia Tanzania, pamoja na Uganda na Rwanda. Macdonald alipata Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, mwaka 2006, mwigizaji msaidizi bora wa kike katika tamthilia fupi au filamu ya televisheni. Kwangu hii ndiyo kazi yake ya kuanzia kwa msomaji wa Afrika Mashariki.

Kisha ikaja Boardwalk Empire, tamthilia ya HBO, kituo cha televisheni cha Marekani: misimu mitano kati ya 2010 na 2014, vipindi 56. Yeye ni Margaret, mhamiaji kutoka Kerry, Ireland, anayeishi Atlantic City baada ya pombe kupigwa marufuku Marekani mwaka 1920. Watu husema Mskoti kuigiza Mwairishi ni jambo jepesi kwa kuwa ni majirani. Naona ujirani ndio unaoleta ugumu. Lafudhi ya mbali kabisa inavaliwa upya kuanzia mwanzo. Ya karibu inaacha nusu ya sauti yako mahali pake, na nusu hiyo ndiyo itakayokusaliti. R inabaki mwisho wa neno, lakini ulimi haupigi tena, unajikunja nyuma bila kugusa. Th inageuka kuwa t laini ya kwenye meno. Hamza ya Glasgow haina nafasi. T ya Ireland kati ya irabu hulegea hadi ikakaribia sh.

Kwa kawaida kiimbo ndicho cha kwanza kuvuja, kwa sababu mwigizaji hukariri maneno, wala hakariri mkunjo wa sentensi. Hasira na kilio huja pili: pumzi ikibadilika, mdomo hurudi nyumbani. Tatu ni chumba cha kurekodia. Mstari ulioharibiwa na kelele za seti hurekodiwa upya baada ya wiki au miezi, mwigizaji akiwa peke yake mbele ya maikrofoni, pengine ameshaanza kazi nyingine yenye lafudhi nyingine. Mstari mmoja ukisikika mgeni katikati ya mazungumzo, mara nyingi chanzo ni hicho. Msikilize Margaret akigombana na mumewe, Nucky, anayeigizwa na Steve Buscemi: anapokasirika husema polepole zaidi, na Kerry haimtoki.

Katuni ya Brave ya mwaka 2012 ilimrudishia sauti yake kwa kinywa cha Merida, binti mfalme wa Skoti ya kale. Sina la kuongeza hapo.

Ila Line of Duty, tamthilia ya polisi ya BBC, msimu wa sita, Machi hadi Mei 2021, isikupite. Upigaji picha Belfast ulisimama Machi 2020 kwa sababu ya korona, ukaendelea Septemba. Macdonald ni Jo Davidson, afisa wa polisi anayechunguzwa na wenzake, na anasema kwa sauti yake mwenyewe. Sehemu kubwa ya kipindi cha sita ni mahojiano: meza, mafaili, kinasa sauti, na macho yake. Upande wa pili wa meza yuko Martin Compston, naye Mskoti, wa Greenock, mji usio mbali na Glasgow. Lakini mhusika wake ana lafudhi ya London. Zima maandishi ya chini ya skrini ulisubiri neno "officer" kutoka kwa kila mmoja. Kwa Compston litaishia kwenye irabu. Kwa Macdonald utaisikia r.