Je, wajua kwa nini laptopu kuukuu hupata masasisho upesi kuliko simu yako?

Chukua laptopu ya mwaka 2012, ile iliyochoka betri na ambayo herufi mbili tatu hazikubali mpaka uzikandamize. Iwekee Debian au Ubuntu inayotunzwa hadi leo, yaani mifumo ya bure ya kuendeshea kompyuta iliyojengwa juu ya Linux, iunge na intaneti. Tundu la usalama likizibwa kwenye Linux, haichukui muda nayo inapata kiraka chake. Sasa shika simu ya Android uliyonunua mwaka juzi, ingia kwenye mipangilio, tafuta tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Usishangae ukikuta ni la mwaka jana. Na ukibonyeza kutafuta jipya, unajibiwa kwa upole uleule wa kila siku: mfumo wako umesasishwa.

Linaloudhi ni kwamba vyote viwili vinaendeshwa na Linux. Tangu simu ya kwanza ya Android iingie sokoni mwaka 2008, chini kabisa ya mfumo huo kuna kiini kilekile alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 1991. Basi kwa nini kimoja kihudumiwe na kingine kisahauliwe?

Wengi humlaumu aliyechapa jina lake mgongoni mwa simu. Lawama anazo, ila chanzo kiko mbali zaidi: kwenye draiva, yaani vile vipande vya programu vinavyouwezesha mfumo kuzungumza na kamera, kioo, modemu na kadhalika.

Kompyuta ikiwashwa, vifaa vyake vingi hujitambulisha vyenyewe, na draiva zake aghalabu zimo ndani ya Linux. Nao watunzaji wa Linux wana desturi moja ya ukali kidogo. Hawaahidi kamwe kwamba mpangilio wa ndani ya kiini utabaki jinsi ulivyo. Wakiona haja ya kuupangua, wanaupangua. Lakini anayeupangua anatakiwa azirekebishe na draiva zote zilizomo humo. Aliye ndani ya nyumba hupikiwa. Aliye nje ajipikie.

Chipu za simu kwa kawaida zimekaa nje. Mtengeneza chipu, awe Qualcomm, MediaTek au Unisoc, huchukua toleo moja la Linux, akalijaza draiva zake, nyingine zikiwa zimefungwa hata msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe, hauonekani, kisha akalikabidhi kwa mtengeneza simu. Linux inasonga mbele, lile toleo linabaki palepale. Google ikitoa Android mpya, mtengeneza simu hungoja draiva mpya kutoka kwa mwenye chipu, ndipo aongeze mapambo yake, ajaribu, na katika nchi nyingine asubiri pia idhini ya kampuni ya mtandao. Mwenye chipu akiona chipu ile haimwingizii tena kitu, safari inaishia hapo.

Waulize Fairphone, kampuni ndogo ya Uholanzi. Mwishoni mwa 2015 walitoa Fairphone 2, simu ya kudumu: betri unachomoa mwenyewe, kioo unabadili mwenyewe. Ndani waliweka chipu ya Qualcomm, Snapdragon 801. Android 7 ilipotoka Agosti 2016, Qualcomm haikuiandalia chipu hiyo. Kioo cha akiba kipo, betri ya akiba ipo, kilichokosekana ni msimbo. Fairphone wakaamua kuifanya kazi hiyo wenyewe, na Android 7 ikawafikia wateja mwishoni mwa 2018, wakati Google imeshatoa Android 9. Waliikokota simu hiyo hadi Android 10 mwaka 2022, na Machi 2023 wakaiaga. Wapo waliowacheka kwa ile miaka miwili ya kungoja. Mimi nastaajabu kwamba ilifika.

Google nayo haikukaa bure. Mwaka 2017, kwa mradi wa Treble, ilitenganisha Android na draiva za mwenye chipu ili ya juu ibadilishwe bila kugusa ya chini. Mwaka 2019, na Android 10, baadhi ya vipande vya mfumo vikaanza kusasishwa kupitia duka lake la programu. Pixel 8 ya Google ya 2023 na Galaxy S24 ya Samsung ya 2024 zilikuja na ahadi ya masasisho ya miaka saba. Hizo ni simu za bei. Simu ya bei nafuu, ambayo ndiyo imejaa mifukoni mwetu, mara nyingi haijaahidiwa kitu kama hicho.

Kuna waliochoka kungoja. Tangu 2017, watu wa kujitolea wa mradi wa postmarketOS wanajaribu kuzipa simu kuukuu Linux halisi, ile yenye draiva zilizokubaliwa ndani ya nyumba. Simu ya namna hiyo husasishwa kama laptopu. Ila kabla hujaifuta Android yako, soma kwanza orodha ya vinavyofanya kazi kwenye simu yako: mara nyingi kamera haimo, na kwa nyingine hata kupiga simu hakumo.