Linux Inachagua Mashine

Wauzaji wa Darajani, soko la Zanzibar, na nyinyi vijana mnaowashauri wenzenu, nawaomba: acheni kusema Linux, mfumo endeshi wa bure unaowekwa badala ya Windows, haichagui mashine. Juzi tena kaja mwanafunzi na netibuku (laptopu ndogo) ya mtumba. Muuzaji alimwambia, “Mwanangu, tia Linux tu, itaruka.” Haikuruka. Video ya somo inakwama kila mara, na pesa ya mzee wake imeshakwenda.

Linux inachagua, tena sana. Inachotazama ni chipu.

La biti, yaani upana wa data anayoishughulikia prosesa kwa mara moja, nalipitia mbio. Prosesa ya Intel Atom N270, iliyojaa kwenye netibuku za Aspire One na Eee PC za 2008, ni ya biti 32, na Debian 13, toleo la Linux la 2025, haina tena kisakinishi cha biti 32. Iacheni. RAM za netibuku nyingi mwisho wake GB 2: Linux yenyewe inaenea humo, brauza ndiyo haienei.

Grafiki, sehemu ya chipu inayochora picha kwenye skrini, ndiyo inayonikera. Mtu akisikia “Intel” moyo unatulia, maana grafiki za Intel kwa kawaida hazisumbui Linux. Sasa chukua Atom N2600. Grafiki yake, GMA 3600, ina jina la Intel lakini ndani ni PowerVR, muundo wa kampuni nyingine, sawa na GMA 500 iliyoitangulia. Draiva (programu inayoendesha kifaa) iliyomo kwenye keneli, kiini cha Linux, inakuonesha picha, basi. Video na 3D zote anabebeshwa prosesa, naye mnyonge. Ongeza RAM, tia SSD, hali ni ile ile. N450 iliyotoka kabla yake ina GMA 3150, ya Intel kweli, na inakwenda vizuri zaidi. Kwa hiyo “hii mpya zaidi” si hoja.

Nendeni dukani na flashi yenye Linux, muiwashe mashine kwa hiyo kabla ya kulipa. Fungua tamino (dirisha la kuandikia amri), andika lspci -k, amri inayoorodhesha vifaa na draiva zake, tafuta mstari wa VGA, yaani grafiki. Chini yake ukiona gma500, draiva ya hizo PowerVR, rudisha. Jaribu Wi-Fi kwa kuiunga na hotspot ya simu yako, hasa chipu ya Wi-Fi ikiwa ya kampuni ya Broadcom, maana hizo husumbua Linux. Funga kifuniko, fungua, uone kama inaamka. Chungulia na matundu ya USB: kutu ya kijani ni chumvi ya bahari yetu.

Kuhusu Bay Trail, kizazi cha Atom kilichofuata, bado nasita. Zimo zinazoganda ghafla, ukiongeza intel_idle.max_cstate=1 (agizo la wakati wa kuwasha linalozuia prosesa kulala usingizi mzito) zinatulia, lakini betri ndiyo inayolipa. Siwezi kumpa mwanafunzi wa Wete, Pemba, mashine ya hivyo nikalala usingizi.

Bora laptopu ya ThinkPad X220 ya 2011, inchi 12.5, nzito kidogo. Na muuzaji akikukataza kuchomeka flashi yako, nenda duka la pili.