Je, wajua? Mtu anaweza "kuvunja nyumba" bila kuvunja chochote

Mlango wa jikoni umeegeshwa tu, mama katoka uani kuanika nguo. Kijana anausukuma taratibu kwa kiganja, anaingia, anachomoa simu iliyokuwa ikichajiwa juu ya friji, huyoo anaondoka. Kitasa kizima, kioo kizima. Kituoni mama atasema, "Nimeibiwa simu." Kweli kaibiwa, lakini kwa sheria ya Tanzania Bara kijana huyo kafanya kosa jingine kubwa kuliko wizi: kavunja nyumba.

Makosa haya yamo katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Humo neno kuvunja ni pana kuliko tunavyolitumia mtaani. Kufungua kwa ufunguo, kuvuta, kusukuma au kuinua mlango, dirisha au chochote kilichowekwa kuziba uwazi wa jengo, kote huko ni kuvunja. Kuingia nako hakuhitaji mwili mzima. Yule anayekata nyavu ya dirisha usiku, akapenyeza mti mrefu wenye ndoano ya waya na kuivuta suruali iliyotundikwa ukutani huku mwenyewe anakoroma, ameshaingia ingawa miguu yake iko nje. Ikipita ncha ya kifaa chake, au kidole kimoja, inatosha.

Kuna na huyu: anabisha hodi, anasema ni fundi ametumwa kukagua mita ya umeme, anakaribishwa. Kumbe si fundi. Kwa kuwa amepata njia kwa ulaghai, anahesabiwa amevunja na kuingia, sawa na aliyekuja na mtaimbo. Binafsi hapa ndipo ninapoiheshimu sheria hii, maana watu wengi walioingizwa mjini namna hiyo hujilaumu wenyewe kwa kusema "karibu", wakaona haya hata kwenda kuripoti.

Lakini lazima iwepo nia ya kutenda kosa. Mlevi aliyekosea chumba kwenye nyumba ya kupanga akajitupa kitandani kwa jirani hajavunja nyumba kisheria. Aliyeingia ili aibe, akakuta kabati tupu na kutoka mikono mitupu, amevunja.

Saa nayo ina kazi yake. Kuvunja nyumba ya kuishi mchana adhabu yake ni kifungo hadi miaka 14. Likifanyika usiku, kosa linabadilika hata jina, na kifungo kinafika miaka 20, kwani usiku ndipo watu wamelala na hawana namna ya kujitetea. Usiku wenyewe hautazamwi kwa giza. Umeandikwa: kuanzia saa 1 jioni hadi saa 12 asubuhi. Mwezi Juni, Dar es Salaam, saa 12:45 jioni taa zimeshawashwa na popo wako angani, ila kwa sheria bado ni mchana. Kenya wao wanahesabu usiku kuanzia saa 12:30 jioni hadi saa 12:30 asubuhi. Kwa hiyo pale Namanga, dakika hiyohiyo, upande mmoja wa mpaka nyumba imevunjwa mchana, na upande wa pili imevunjwa usiku.

Unyang'anyi ndio unaochanganya watu zaidi. Hauhusiani na mlango kabisa. Ni wizi uliotiwa nguvu au tishio, iwe muda mfupi kabla ya kuiba, wakati wa kuiba, au mara tu baada ya kuiba, ili mtu akipate kitu au asinyang'anywe alichokwisha kuchukua. Chukua abiria wa bajaji anayekwapuliwa simu kwenye foleni. Mkwapuaji akitokomea nayo bila pigo wala tishio, huo ni wizi kutoka maungoni. Sasa wapita njia wanamkimbiza, wanamkaribia, anageuka na kuchomoa kisu ili wamwachie aende na simu yake ya wizi. Hapo hapo kosa limegeuka kuwa unyang'anyi wa kutumia silaha, ambao kifungo chake hakipungui miaka 30. Bila silaha, unyang'anyi una kifungo cha miaka 15.

Kenya huuita wizi wa mabavu, nao sheria yao imeuwekea adhabu ya kifo mtu akiwa na silaha ya hatari, au akiwa na mwenzake hata mmoja, au akimpiga au kumjeruhi mtu.

Kwa uzito huo, maelezo unayoyatoa polisi si ya kupitisha haraka. "Walikuja wakaniibia" haitoshi. Nani alitishiwa? Kwa kitu gani? Mlango ulikuwa wazi, umeegeshwa au umefungwa? Ilikuwa saa ngapi? Mahakama ya Rufani ya Tanzania imekwisha kusema kwamba hati ya mashtaka ya unyang'anyi wa kutumia silaha lazima ionyeshe ni nani aliyetishiwa, na zipo hukumu zilizotenguliwa kwa sababu hilo halikuandikwa.

Kuingia kwa jinai ndiko kwepesi kuliko yote: kuingia kwenye mali iliyo mikononi mwa mwingine bila haki, kwa nia ya kutenda kosa, kutisha, kutukana au kumuudhi mwenyewe. Hata aliyekaribishwa vizuri, akiambiwa atoke naye akang'ang'ania ili atukane, ameingia humo. Ni miezi mitatu, au mwaka mmoja ikiwa ni nyumba ya kuishi au ya ibada.

Vijijini kosa hili hutumiwa sana kama fimbo ya ugomvi wa shamba: jirani kapanda mihogo kuvuka mpaka, anakamatwa kwa jinai. Mahakama Kuu ililikataa jambo hilo mwaka 1992. Ikiwa umiliki wa ardhi wenyewe unagombewa, shtaka la kuingia kwa jinai haliwezi kusimama mpaka kwanza ijulikane, kwa kesi ya madai, si ya jinai, shamba ni la nani.